Doa la mchuzi na hili neno "kali"

Ijumaa nilikula kwa dada yangu Mkomani, hapa Lamu, samaki wa kupaka, na mimi ndio nimetoka msikitini na kanzu nyeupe mpya, tone moja la mchuzi likateleza likatua kifuani. Manjano iliyokolea kabisa. Dada yangu hakuniwacha hata nimalize tonge, kanivua kanzu, kanitupia kikoi cha mumewe, kaingia nayo uani, beseni, sabuni ya mche, akaanza kufikicha. Mara namsikia binti yake, yule wa kidato cha tatu, apiga ukelele: "Mjomba, ndoo! Ndoo uone, kanzu yatoka damu!"

Na wallahi ilikuwa kama damu. Lile doa la manjano limegeuka jekundu, wekundu ule wa damu iliyoanza kukauka, na povu lenyewe limeshika rangi. Dada yangu ameduwaa na kanzu mkononi.

Nikarudi ndani nikachukua kipande cha ndimu kilichobaki sahanini, nikakamua matone mawili juu ya doa. Pale ndimu ilipogusa rangi ikarudi manjano saa ile ile, pembeni bado nyekundu, yani waona mpaka kabisa kati ya hizo rangi mbili. Binti akanyamaza. Halafu akasema "fanya tena". Sabuni, nyekundu. Ndimu, manjano. Sabuni tena, nyekundu. Tukafanya mara tano sita mama yake amesimama ametuangalia, mkono kiunoni, manake doa lenyewe haliondoki, labadili nguo tu.

Manjano ile ya jikoni ina kitu ndani yake kinachobadilika rangi kulingana na mahali kilipo. Penye asidi au maji ya kawaida yakaa manjano, ukifika kama 8 hivi kwenda juu kwenye pH, kile kipimo cha asidi na kinyume chake besi, yani upande wa besi, yageuka nyekundu. Sabuni ya mche iko kwenye 9 na kitu mpaka 10. Ndio kazi ile ile ya litimasi tunayotumia shuleni, na litimasi nayo si dawa ya kiwandani jamani, asili yake ni vile vimea kama ukoga vinavyoota kwenye mawe na magome ya miti, watu wakavichachua wakatoa rangi. Kwahivo jiko la dada yangu lina kipimo cha asidi na besi siku zote, ila ndio kwanza wamekiona.

Dada yangu akasema "basi tia jiki tumalize mambo", akaifuata chupa. Hapo nikamshika mkono. Nataka niliandike hili kabla sijaendelea manake watu wengi hawalijui: nguo yenye ndimu au siki usiitie jiki, na choo ulichotia dawa ya asidi usikitie jiki. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na klorini huchoma mapafu, na uani kwetu ni padogo, hapana upepo. Suuza kwanza na maji mengi. Ama wacha kabisa.

Basi tukakaa barazani, kanzu kwenye beseni la maji matupu, na binti akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote. "Mjomba, kwani sabuni ni besi kali? Na ndimu ni asidi kali?"

Nikamwambia ndimu ni asidi nyonge.

"Nyonge? Ndimu? Ijaribu matoni uone."

Hana makosa. Tena nasema hana makosa kwa dhati, manake kosa liko kwenye neno tunalotumia. Kiswahili chetu kina neno hili "kali" nalo labeba mizigo mingi mno. Kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, mwalimu mkali, pilipili kali, kahawa kali. Sasa ukilichukua neno hilo hilo ukalipeleka kwenye kemia ukasema "asidi kali", kila mtu atachukua maana yake. Mmoja atadhani ni ile inayochoma. Mwingine ile ambayo haijatiwa maji. Mwingine ile chachu ulimini. Na mtungaji mtihani alikuwa na maana ya nne ambayo si yoyote katika hizo.

Mimi kazi yangu ni maabara ya shule, miaka kumi na sita sasa napima, nazimua, naosha chupa, naandaa asidi za mitihani. Mambo haya nayashika kwa mikono kila wiki na bado naona watoto wanafaulu mtihani huku hawajui tofauti. Hebu niyatenganishe.

Kuna NGUVU ya asidi, na kuna KUKOLEA. Kukolea kila mtu akijua, chai imekolea, rangi imekolea, ni vile vitu ni vingi ndani ya maji kidogo. Ukitaka kupunguza wazimua, waongeza maji. Asidi yoyote waweza kuikoleza au kuizimua, ni uamuzi wako wewe na ndoo yako ya maji. Nguvu si uamuzi wako. Nguvu ni tabia ya asidi yenyewe, imezaliwa nayo, nayo ni hivi: asidi ni mtoaji. Kila molekyuli ya asidi ina haidrojeni ambayo yaweza kuitoa impe mwingine, na besi ni yule anayepokea. Maelezo haya ya kutoa na kupokea yalitolewa mwaka 1923 na watu wawili kila mmoja kivyake, Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, na mpaka leo sijaona maelezo mepesi kushinda hayo. Sasa watoaji hawafanani. Asidi ya haidrokloriki ukiitia kwenye maji yatoa zote, molekyuli elfu moja, elfu moja zimeachia haidrojeni zao, hapana iliyobaki imeshika. Hiyo ndio asidi yenye nguvu. Asidi ya asetiki, ile iliyoko kwenye siki, ni bakhili. Ukiiandaa kwa kipimo cha moli 0.1 kwa lita (moli ni hesabu tu ya wingi wa molekyuli), katika molekyuli elfu moja ni kama 13 tu zilizoachia. Zilizobaki 987 zimeshika haidrojeni zao. Hiyo ndio nyonge, na ndimu iko kundi hilo hilo la wanyonge ingawa asidi yake ya sitriki yatoa zaidi kuliko ya siki.

Binti akauliza, hizo 13 zimechaguliwa vipi? Swali zuri sana hili, na jibu lake ndio moyo wa mambo. Hazijachaguliwa. Nikamwonyesha kule forodhani. Nikamwambia chukulia mji wa watu elfu moja na mashua zinavuka kwenda kisiwa cha Manda na kurudi, mchana kutwa. Wakati wowote ukihesabu walioko majini utakuta kama 13 hivi. Lakini si wale wale, huyu ameshuka, yule amepanda, wanaenda wanarudi, idadi tu ndio haibadiliki. Asidi nyonge ni hivo, haidrojeni zatoka zarudi, zatoka zarudi, na kila ukichungulia ni 13.

Sasa tuseme amekuja mtu kule majini akawa akamata kila aliyeko mashuani, hawaachii. Mji utafanyaje? Watashuka wengine kumi na tatu. Akiwakamata hao watashuka wengine, mpaka mji umalizike. Huyo mkamataji ni besi.

Na hili nililiona likiwashangaza wanafunzi kila mwaka. Nawawekea chupa mbili, haidrokloriki na asetiki, zote moli 0.1 kwa lita. Wanatia kipande cha utepe wa magneziamu, kwenye ya kwanza chachemka kwa fujo kinakwisha, kwenye ya pili chatoa viputo pole pole utadhani kinafikiri. Wanapima pH, ya kwanza 1, ya pili 2.9. Haya, ipi itahitaji kostiki soda, yani ile besi, nyingi zaidi kuimaliza? Darasa zima: ya kwanza! Wanapima sentimita za ujazo 25 za kila moja, wanadondosha kostiki soda ya kipimo hicho hicho tone kwa tone, na zote mbili zamalizikia kwenye 25. Sawasawa kabisa. Wako wanaorudia mara tatu hawaamini wanasema bureti, ule mrija wa kupimia, ni mbovu. Si bureti. Asidi zote zilikuwa na haidrojeni idadi moja, ila moja ilikuwa imezitoa zote nje na nyengine imezificha ndani, na kostiki soda imezitoa moja moja mpaka ya mwisho. (Na kwa siki, ile dawa ya rangi ya kukuonyesha asidi imekwisha iwe fenofthalini, usitumie methili oranji, manake siki ikimalizwa na kostiki soda huishia kwenye pH kama 8.7 sio 7, methili oranji itakuwa imeshageuka zamani na jibu lako limeharibika. Nimeona alama zikipotea hapo kwa bure tu.)

Ndio maana vile vile siki na ndimu ni chachu kiasi kile mdomoni. Mate hukamata zile haidrojeni zilizo nje, na asidi nyonge ina akiba ndani yazidi kuzileta. Ukiweka siki na haidrokloriki iliyozimuliwa mpaka pH zao ziwe moja, siki ndio huwa chachu zaidi. Msionje maabarani tafadhali, yamejulikana tayari hayo.

Kwahivo pH yapima nini? Yapima walioko mashuani tu. Basi. Haihesabu waliobaki mjini. Hiki kitu ningeandika kwenye ukuta wa kila maabara. pH ni idadi ya haidrojeni zilizo huru, haikwambii asidi yote ni kiasi gani wala haikwambii itakuchoma vipi.

Na hesabu yake ni ya mara kumi kumi. Aliyeileta ni Sørensen, mwaka 1909, alikuwa kwenye maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akifanya utafiti wa vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo vilikuwa vyategemea sana hizo haidrojeni. Sasa maji safi yana moli 0.0000001 za haidrojeni huru kwa kila lita. Andika sifuri hizo kutwa mara mia uone. Yeye akasema tuhesabu nafasi tu, saba, tuiite 7. Haidrokloriki yetu ya 0.1 ni 1. Kwahivo nambari ikipungua asidi imezidi, na kila hatua moja ni mara kumi, hatua mbili mia, hatua tatu elfu. Watu huona 5 na 7 wakadhani ni kama shilingi tano na shilingi saba. Si hivo, ni mara mia.

Binti akapata hapo hapo pa kunibana: "Basi nikiizimua haidrokloriki mara kumi, mara kumi, mara kumi, itapita 7 ifike 8 iwe besi?" Mashallah. Hapana, itakaribia 7 isimame, manake maji yenyewe yana haidrojeni zake na mwishowe ndizo zinazotawala. Lakini zile hatua za mwanzo ni kweli, kila ukizimua haidrokloriki mara kumi yapanda hatua moja kamili. Asetiki wewe izimue mara kumi, yapanda nusu hatua tu, 2.9 mpaka 3.4, manake ukiipa nafasi yaachia zaidi, zile 13 katika elfu zinakuwa kama 41. Bakhili akiwa peke yake hulegeza mkono.

Na hiyo saba si nambari takatifu, ni ya maji kwenye nyuzi 25. Kwenye joto la mwili, 37, katikati ni kama 6.8. Wala kipimo hakikomi kwenye 0 na 14, maji ya betri yako chini ya sifuri.

Hadithi moja ya pH ninaipenda kwasababu ya ndimu. Kule California miaka ya 1930 wenye viwanda vya limau walikuwa wataka kupima ukali wa maji ya limau zao, na karatasi za rangi hazikufaa kwasababu walikuwa wametia dayoksaidi ya salfa ili yasiharibike, na hiyo yafuta rangi. Vipimo vya umeme navyo vilikuwa dhaifu. Mmoja wao akamwendea rafiki yake wa zamani wa chuo, Arnold Beckman, naye mwaka 1934 akamtengenezea mashine ya kukuza ule umeme mdogo. Ndio mita ya pH tunayotumia mpaka leo, hii niliyonayo kabatini ni mjukuu wa ile.

Sasa nije kwenye linaloniuma.

Neno "nyonge" limewahi kumchoma mtu mbele ya macho yangu. Mwanzo wa kazi yangu, maabara moja ambayo sitaitaja, kulikuwa na chupa ya asetiki tupu, ile isiyo na maji, yenye kukolea kuliko siki mara ishirini. Kwenye nchi za baridi huganda kama barafu ikifika nyuzi 16 na kitu, kwetu haigandi ng'o, yakaa tu kama maji. Kijana mmoja aliambiwa "hiyo usiogope, ni asidi nyonge". Akaimimina bila glavu, ikamtiririka kwenye kifundo cha mkono. Mwanzo hakusikia kitu. Baada ya muda ngozi ikaanza kuwa nyeupe, halafu malengelenge, na kovu analo. Aliyemwambia hakusema uongo, asetiki ni nyonge kweli. Ila alichanganya nguvu na kukolea, na ngozi ya mtoto wa watu haikujali maneno. Na kuna nyonge mbaya zaidi, asidi ya haidrofloriki, ile ya kuchorea vioo. Kwa kemia ni nyonge, yashika haidrojeni zake. Na kwasababu hiyo hiyo yapenya ngozi ikiwa nzima, yazama chini, yakamata kalisi ya mwili mpaka ya mfupa, na kumwagika kidogo tu kwaweza kusimamisha moyo.

Upande wa besi ndio watu wamelala kabisa. Asidi yaogopwa. Ukisema besi hakuna anayeruka. Na sisi Waamu tumezungukwa na besi, nyumba zetu zimesimama juu yake. Mawe ya matumbawe, chokaa, boriti, mji mzima. Matumbawe yachomwa tanuuni kwa joto la kama nyuzi 900 mpaka yatoa gesi yake, yabaki mawe meupe mepesi, halafu yatiwa maji, na hapo ndipo panapochemka, yafoka mvuke, yapasuka, yakuwa unga. Kisha ukutani yavuta tena ile gesi kutoka hewani pole pole na kurudi kuwa jiwe kama mwanzo. Ukitazama vidaka vya nyumba za zamani, hayo ni matumbawe yaliyochomwa yakafa yakafufuka.

Ami yangu alikuwa fundi wa chokaa. Nilikuwa na miaka tisa, mimi na mwanawe twacheza karibu na shimo alipokuwa azima chokaa, na pakaruka donge. Mimi likanipita. Mwenzangu likamwingia jichoni. Mke wa ami akatoka mbio na ndimu imeshakatwa, kwa nia njema kabisa, chokaa ni kali na ndimu huikata, ndivyo kila mtu alivyojua. Ami hajawahi kuninyanyulia sauti maisha yangu lakini siku ile alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. "Mai! Wacha ndimu! Mai tu!" Akamlaza mwanawe kichwa upande, akachota jabiani kwa kata, akamimina, akachota, akamimina. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, watu wakaswali wakatoka, yeye bado amimina. Kisha akamfunua kope la juu akaligeuza nje, akatoa punje kwa ncha ya leso. Halafu ndio hospitali.

Mimi nilikuja kuelewa alichofanya miaka mingi baadaye. Chokaa haiyeyuki sana, kama gramu 1.7 tu kwa lita ya maji, lakini kile kidogo kinachoyeyuka chaachia chote, kwahivo ni besi yenye nguvu, maji yaliyoshiba chokaa ni pH 12.4. Sabuni tuseme 9.4, hizo ni hatua tatu, mara elfu. Na punje iliyojificha chini ya kope ni tanki, yaendelea kuyeyuka na kuyeyuka, ukiosha juu juu ukaiwacha ile hujafanya kitu. Na asidi ikigusa jicho mara nyingi hugandisha nyama ya juu ikawa kama ukuta, yenyewe ikajizuia. Besi haigandishi, yageuza mafuta ya mwili kuwa sabuni, yafungua njia, yaenda ndani. Ndimu ingeongeza joto na jeraha la pili juu ya lile la kwanza. Maji mengi, muda mrefu, nusu saa usichoke, geuza kope, kisha daktari. Ami hakusoma kemia hata siku moja.

Binafsi naona kila mahali panapouzwa mfuko wa chokaa au kostiki soda mnunuzi angeambiwa hayo kabla hajalipa.

Binti akanipinga hapa pia. "Mbona nyanya akila tambuu na chokaa?" Ni kweli, na ile rangi nyekundu ya tambuu haiji bila chokaa, ni habari ile ile ya manjano na sabuni, popoo yageuka nyekundu penye besi. Lakini chokaa ya tambuu ni chembe, na mate yapo. Ikizidi huchoma ulimi, muulize nyanya mwenyewe. Na popoo na tumbaku zaleta saratani ya mdomo, hilo nalo tusilifiche.

Tukamalizia na bahari, manake tulikuwa twaiona. Bahari ni besi kidogo. Kabla ya viwanda maji ya juu ya bahari yalikuwa kama 8.2, sasa ni kama 8.1, gesi ya kaboni ya moshi wetu wa dunia nzima imeingia ndani yake ikawa asidi. Binti akasema mjomba 0.1 ni nini. Nikamwambia piga hesabu kwenye simu, kumi kwa kipeo cha 0.1. Akapiga, 1.26. Haidrojeni huru zimeongezeka zaidi ya robo. Bahari haijawa asidi, bado iko upande wa besi, lakini chaza na matumbawe hujenga nyumba zao kwa kalisi kaboneti, jiwe lile lile la kuta zetu, na kadri haidrojeni zinavyozidi ndivyo kazi ya kujenga inavyokuwa ngumu. Akakaa kimya akaangalia kule Manda muda mrefu. Kisha akauliza kama mita yangu ya pH yaweza kupima maji ya bahari. Nikamwambia yaweza, ila si kwa usahihi wa kuona hiyo 0.1 ya dunia nzima, na electrodi yake, ile ncha ya kupimia, yataka kusuuzwa kila mara. Tumepatana Jumamosi ijayo, maji kujaa na maji kutupu, tutaandika nambari daftarini.

Mtoto wa ami yangu sasa ni nahodha, ana kiwingu cheupe pembeni mwa jicho, aona vizuri.

Kanzu niliiacha kwa dada yangu. Sabuni haikulitoa lile doa, ndimu haikulitoa. Akaisuuza vizuri akaianika juu darini, Jumamosi kutwa na Jumapili kutwa, na ile rangi ya manjano haiwezi jua. Jumapili magharibi kanipigia simu niende kuichukua, nyeupe.